Wanasemeshana Kanisani Tu

Kitendawili: nyumba ina watu watatu na mdomo mmoja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Tottenham, nami naupokea, maana nyumba yenyewe iko hukohuko, ghorofa ya nne, kwenye majengo ya kupanga ya kaunsili, na mdomo wenyewe ni wa Elieshi.

"Mama Lorraine," alisema Zephaniah huku akipaka siagi kwenye mkate, "mwambie binti yako maji ya moto yamekwisha. Kuna watu wengine wanaooga humu ndani."

Binti mwenyewe alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, mahali ambapo angeweza kunyoosha mkono akamshika baba yake pua.

"Mama, mwambie nimeoga dakika tano," alijibu Lorraine kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia chote, amekua nacho masikioni, lakini ulimi wake ulikuwa wa Tottenham. "Aliyemaliza maji ni yeye. Alikuwa anaimba mle bafuni."

"Anasemaje?" Zephaniah aliuliza.

"Baba Lorraine, Kiingereza unakijua. Umekaa nchi hii miaka ishirini na saba."

"Nimekuuliza wewe, mke wangu. Sijamsikia mtu mwingine hapa."

Elieshi aliitua birika kwa kishindo mpaka vijiko vikaruka. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini, kumwogesha na kumvisha bibi mmoja wa Kiingereza, Bridget, mwenye miaka tisini na miwili. Bridget alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekaa mitaa mitatu kutoka pale, na hawakuwa wamesemeshana tangu zamani. Siku moja Elieshi alimuuliza walikosania nini. "Sikumbuki," Bridget alimjibu, akinyoosha mguu avishwe soksi. "Ila mwenye makosa ni yeye." Elieshi alicheka, lakini kicheko kilimwishia kwenye lifti.

Maana nyumbani kwake ilikuwa miezi saba. Na sababu waliikumbuka vizuri mno. Kaka yake Elieshi, Elinami, alikuja kutembea kutoka Machame, akakalishwa sebuleni, akapewa chai na sambusa. Zephaniah akaegemea kiti, akaanza kumweleza shemeji yake jinsi alivyo meneja katika kampuni ya usafiri, jinsi mabasi mekundu yasivyotoka gereji bila yeye kuyapitisha. Lorraine, aliyekuwa ametoka kazini akiwa amechoka, alisema palepale, tena kwa Kiswahili ili mjomba aelewe: "Baba, wewe unasafisha mabasi." Basi. Elinami alitazama ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeona inzi. Tangu siku ile Zephaniah hakumwambia bintiye hata "pisha."

Na sasa Lorraine alikuwa amepata kazi ya ukunga Aberdeen, mbali kule juu kaskazini, na basi lake lilikuwa linaondoka kituo cha Victoria Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Zilibaki wiki tatu. Elieshi alijua watoto wanaoondoka bila kuagana wanavyorudi. Wanarudi msibani.

* * *

Mahali pekee walipozungumza ni kanisani.

Usharika wao wa Waswahili ulikuwa unasali katika jengo la Wajerumani, wazee wachache waliobaki, watu wa upole na keki. Jengo lilikuwa linatimiza miaka mia na kumi, na wenyeji wakaomba kila usharika unaolitumia uigize kitu chenye asili ya Kijerumani. Mchungaji akafukua mchezo wa kale uliotafsiriwa na mwinjilisti fulani wa Moshi enzi za taipureta, akamkabidhi Mama Célestine, Mkongo, msusi wa sokoni, ambaye hakuwa mtu wa kubishiwa.

"Papa Zephaniah ana sauti. Yeye ni baba," aliamua Mama Célestine. "Binti ni Lorraine."

"Tafuta msichana mwingine," alisema Zephaniah.

"Wengine wana miaka kenda ao makumi tano. Unataka binti wa miaka makumi tano, Papa?"

Ikawa hivyo. Elieshi naye, kwa kuwa alikuwa anasoma polepole lakini haruki neno, alipewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kitabu, aliyesahau amnong'oneze. Alipewa kiti cha watoto wa Sunday school, magoti yakamfika kidevuni. Nyumbani alipeleka maneno, na kanisani alipeleka maneno. Alijiona kama bahasha.

Mchezo wenyewe ulimkera tangu ukurasa wa kwanza. Fundi saa mmoja wa Kijerumani, mjane, anajali majirani watasema nini kuliko binti yake atakula nini. Binti anamwaibisha mjini, baba anamfukuza, binti anazunguka kwenye theluji ukurasa baada ya ukurasa. Mwishoni anarudi, anapiga magoti, baba anamsamehe. "Watu wazima kabisa," Elieshi alinung'unika, "na hakuna hata mmoja wa kumwambia mwenzake kaa chini tuongee. Theluji yote hiyo ya nini?"

Lakini siku ya mazoezi ya kwanza, Zephaniah alisimama katikati ya jukwaa na koti la kuazima, akatamka kwa ile sauti yake ya kusomea Maandiko: "Mwanangu, njoo mwangani nikutazame." Na Lorraine, kwa Kiswahili cha kukariri kilichonyooka kama rula, akajibu: "Nipo hapa, baba yangu." Nyuma ya pazia herufi zikamcheza Elieshi machoni, ikabidi aukaribie ukurasa.

Mama Célestine akapiga makofi. "Mapumziko!"

"Mama Lorraine," sauti ya Zephaniah ikaja kupitia pazia, "mwambie mwanao amesimama mbele ya taa yangu."

Kulikuwa na jambo jingine. Zephaniah aliushika mchezo wote kichwani, kurasa arobaini, isipokuwa sentensi moja. Ile ya mwisho. *Binti yangu, nimekusamehe, rudi nyumbani.* Kila akifika pale aliganda, akatazama pazia, akasubiri Elieshi amnong'oneze. Akishapewa aliitamka haraka haraka kama mtu anayemeza kwinini.

"Papa, hii maneno kidogo inakushinda?" Mama Célestine alifoka. "Siku zote pale pale! Siku ya sherehe watu watatucheka."

"Ni uzee," alisema Zephaniah.

Elieshi aligeuza ukurasa. Uzee gani unaochagua sentensi?

* * *

Zilipobaki siku kumi, Elieshi alimkalisha bintiye kitandani.

"Kwetu kuna isale," alimwambia. "Ni jani. Uliyemkosea ukimpelekea isale, hawezi kukukataa. Hata kama umemchomea nyumba. Mchagga akikataa isale, hana watu tena."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekosea?"

"Lorraine."

"Nilisema kweli, Mama. Yeye ndiye aliyedanganya."

"Sijakuuliza nani alidanganya. Nakuuliza, unataka kwenda Aberdeen na hilo kifuani?"

Lorraine alivuta uzi wa shuka. Kisha akachukua simu. "Linaitwaje kwa Kiingereza?"

Hilo Elieshi hakulijua, ila alilitambua kwenye picha, maana Wazungu nao hulipanda ndani ya nyumba zao, kwenye kona, kama pambo. Lorraine akabonyeza, akalipia, akasema litafika Jumatano. Elieshi aliona si vibaya. Kila kitu London hufika Jumatano.

Lilifika yeye akiwa kwa Bridget. Aliporudi alilikuta dirishani, refu, la kijani lenye mistari ya njano, ndani ya chungu cha plastiki, limefungwa utepe wa zambarau na kikaratasi kilichoandikwa *Samahani, Baba*. Zephaniah alikuwa amesimama mbele yake na jagi la maji.

"Umeletewa nini?" aliuliza Elieshi.

"Ua."

"Ua gani?"

"La kijani. Linapendeza. Limechangamsha sebule."

"Baba Lorraine. Wewe ni mtoto wa Machame. Hilo unaliona ni ua?"

"Mimi ninaloliona ni hili," alisema Zephaniah, akimimina maji taratibu. "Isale hukatwa. Hufungwa fundo. Huletwa kwa mkono, na mtu, mlangoni, ameinamisha kichwa. Halina chungu. Halina utepe. Halishushwi kwenye gari na dereva anayekuambia weka sahihi kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo hili ni ua. Nami sijalikataa, usije ukasema nimekataa kitu. Nimelimwagilia."

Elieshi alimjua mumewe. Angelitambua lile jani hata gizani, hata likiwa supu. Kwa kuwa asingeweza kulikataa, alikuwa amelibatiza jina jingine.

Lorraine alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, ameyasikia yote.

"Mwambie," alisema, na safari hii sauti ilimkatika, "mwambie mimi nimeshaomba. Siombi tena."

"Anasemaje?" alisema Zephaniah, bado na jagi mkononi.

"Mwulizeni Mungu!" Elieshi alipiga kelele, mpaka jirani akagonga ukuta. "Mimi si posta! Nimechoka! Asubuhi mwambie, jioni mwambie, humu ndani, kule kanisani, mwambie, mwambie! Kila mmoja ana mdomo wake, niliwaona wote wawili wakila!"

Akajifungia bafuni, akakaa juu ya kifuniko cha choo na kilemba chake mapajani. Asubuhi yake, bila kujitambua, alimwambia Lorraine kwamba baba yake anauliza pasi iko wapi.

* * *

Jumamosi ya sherehe ukumbi ulijaa. Wenyeji, wazee wa Kijerumani, walikaa mbele na vikaratasi vilivyoeleza mchezo kwa Kiingereza. Waswahili walijaa nyuma, na watoto, na vyombo vya pilau vilivyofunikwa kwa foili. Wanjohi, Mkenya wa kwaya, alishika kamba ya pazia. Elieshi alikaa kwenye kiti chake kifupi. Nyumbani mabegi mawili ya Lorraine yalikuwa yamesimama koridoni tangu jana, yamefungwa zipu.

Mchezo ulienda vizuri kuliko walivyostahili. Zephaniah alinguruma. Lorraine alilia penye kulia. Alipofukuzwa kwenye theluji, ambayo ilikuwa pamba ya duka la dawa, mama mmoja wa nyuma alisema kwa sauti, "Jamani, baba gani huyu!" na watu wakaitikia.

Halafu ikafika. Lorraine akaingia na shali, akapiga magoti katikati ya jukwaa. Zephaniah akamsogelea, akainua mkono.

"Binti yangu," alisema.

Akaganda.

Elieshi alikuwa na kidole juu ya sentensi. Yalibaki maneno matatu. Alivuta pumzi ayanong'one, na pumzi ikabaki mumo humo. Aliwaza: nikimpa, atayameza kama kawaida, watu watapiga makofi, tutakula pilau, na kesho saa nne nitakwenda Victoria peke yangu kumsindikiza mtoto huyu. Aliwaza hivyo kwa muda ambao mtu anatumia kufunga kitabu. Akakifunga. Kisha, asije akaghairi, akakiweka kitini na kukikalia.

Zephaniah alitazama pazia. Akakohoa. Mtu wa nyuma naye akakohoa.

"Mama Lorraine," alinong'ona, mnong'ono uliofika safu ya nne. "Mama Lorraine! Nasemaje?"

"Sijui," alijibu Elieshi, bila kunong'ona. "Muulize mwenyewe, huyo hapo mbele yako."

Kicheko kikapita nyuma. Wazee wa Kijerumani wakageuza vikaratasi vyao, wakitafuta mahali hapo.

"Mama, nifunge pazia?" aliuliza Wanjohi.

"Iguse kamba hiyo uone."

Jukwaani kimya kilikuwa kirefu mpaka mtoto akauliza kama pilau ni sasa. Lorraine alibadilisha goti, akauma meno. Mbao zilikuwa za miaka mia na kumi.

"Baba," alisema hatimaye, kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemkaririsha. "Magoti yanauma."

"Si uinuke basi! Nani amekukataza?"

Zephaniah alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Lakini ilikuwa imeshatoka, na yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa yamesubiri miezi saba.

"Ulinivunjia heshima," alisema.

"Nilisema kweli."

"Kweli! Shemeji yangu ana kikombe mkononi, ametoka Machame, hajamaliza hata sambusa moja!"

"Ulimwambia wewe ni meneja, Baba."

Kuna wengi mle ndani waliokuwa wakimwita Zephaniah Bwana Meneja mlangoni kila Jumapili. Aliwatazama, safu kwa safu, kama mtu anayehesabu viti. Koti la fundi saa lilikuwa limemvuka bega moja.

"Ndiyo, nilimwambia," alisema polepole. "Nasafisha mabasi. Nafagia, napiga deki, nabandua bazoka zilizotafunwa chini ya viti kwa kisu cha plastiki. Miaka kumi na tisa." Akamgeukia Lorraine. "Na kwa bazoka hizo hizo wewe umesoma mpaka umekuwa mkunga. Hilo ndilo nililotaka umwambie mjomba wako, kama ulikuwa na haja ya kusema. Ungesema, Mjomba, baba anasafisha mabasi, na mimi nimesoma kwa hayo. Ningekwenda jikoni nikacheka. Lakini ulisema mabasi, ukanyamaza. Kama vile hapakuwa na kitu baada ya mabasi."

Lorraine alikuwa bado chini. Alifumba na kufumbua macho mara kadhaa, na hapo hapakuwa penye kulia kwenye mchezo.

"Sikujua," alisema. "Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Hatusemeshani!"

Hata mchungaji alicheka. Zephaniah mwenyewe hakucheka. Alimwinamia bintiye, akamshika kiwiko.

"Samahani, Baba," alisema Lorraine.

"Haya." Akamvuta juu. "Haya. Inuka, unalichafua gauni la Mama Célestine."

Bibi mmoja wa Kijerumani safu ya mbele, aliyekuwa akijifuta macho na kikaratasi chake, alianza kupiga makofi. Wengine wakamfuata, wakasimama. Wanjohi akafunga pazia bila kuuliza tena, na Mama Célestine akaibuka kutoka pembeni, mikono kiunoni.

"Hii yote haiko ndani ya kitabu!" alifoka. "Kitabu kiko wapi? Mama Elieshi, kitabu?"

Elieshi akanyanyuka kidogo, akamtolea.

* * *

Walirudi kwa basi, ghorofa ya chini, jioni jua likiwa bado lipo. Elieshi alikaa mbele karibu na mlango, sufuria tupu ya pilau mapajani. Wale wawili walikaa viti vya nyuma, na hawakuwa wamenyamaza tangu kituoni.

"Umeniharibia mwisho," Zephaniah alikuwa akisema. "Kurasa arobaini nimezibeba, ndipo unaniletea mambo ya magoti."

"Wewe ndiye uliyesahau, Baba! Sentensi moja!"

"Sikusahau. Na hilo koti lako jepesi hulipeleki Aberdeen. Nimelipima kwa mkono. Utakufa."

"Nina koti jingine."

"Liko wapi? Halimo kwenye begi."

"Umefungua begi langu?"

"Nani atalibeba kesho, si mimi? Nisijue nabeba nini?" Akagonga ubao wa kiti kwa kifundo cha kidole. "Na tazama hapa. Hili basi limelala gereji kwetu. Tazama hiyo kona, chini ya bomba. Wengi hawaifikii kona hiyo. Unaona vumbi?"

"Baba, watu wanatuangalia."

"Wainame nao waitazame! Unaona vumbi?"

"Sioni."

"Ukifika Aberdeen, chunguza mabasi yao. Halafu unipigie mimi, si mama yako. Mimi."

"Nitakupigia saa ngapi, na wewe mchana unalala?"

"Ndiyo hivyo, umeanza tena kunijibu!"

Mama mmoja aliyeketi kando ya Elieshi, na kikapu cha ndizi za kupika miguuni, aligeuka nyuma, akatazama, akageuka mbele. Akamwinamia Elieshi, akamuuliza kwa upole wale wawili wana nini, na kama yuko nao.

Elieshi alijiweka sawa kitini, akaipakata sufuria yake vizuri.

"Hao?" alisema. "Siwajui. Nimepanda peke yangu."